Waliomwita Dada Yangu Mchora Makaburi

Mtongwe, Likoni,
Mombasa.
11 Oktoba 2025

Mpendwa mdogo wangu Barke,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani huko Maskati? Lile goti lako limepoa, au bado linakulilia ukipanda ngazi? Na shemeji, presha yake imeteremka? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mimi meno mawili yamenitoka tangu tulipoonana, lakini ulimi ungalipo, kama utakavyoona.

Ujumbe wako wa sauti niliupata na nikausikiliza mara tatu. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini sionekani katika picha za sherehe ya Dada Mwanarusi, zile alizozituma binamu yangu Ahmad kwenye kundi la ukoo. La pili, kwa nini Sabah, binti yake Ahmad, hapokei simu zako wiki ya tatu sasa, ilhali harusi yake na mwanao Fahmi ni Desemba. Nimeona nikujibu kwa kalamu. Nikikujibu kwa simu, kabla sijamaliza chai sauti yangu itakuwa imeshafika Dubai na Lamu, maana nakujua. Barua hii anakuletea jirani yangu anayepanda ndege kesho. Isome peke yako, na uisome yote.

Kwenye picha sionekani kwa sababu nilikaa nyuma kabisa, karibu na masufuria ya biriani, nisije nikamtemea mtu mate. Uliondoka mwaka wa themanini na nne ukiwa bi arusi wa miaka kumi na tisa. Habari za dada unazijua vipande vipande, na vipande vyenyewe umepewa na waongo. Kwa hiyo nianze mbali kidogo, univumilie.

Ndugu yetu Sharif hukumjua vizuri, ulikuwa mdogo mno. Viganja vyake vilikuwa vikivimba tangu anatambaa. Macho yake yalikuwa manjano kama bizari, na mifupa ikimshika alilia mpaka sauti inakauka. Alifariki mwaka wa sitini na tisa, akiwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa na sita, Mwanarusi kumi na miwili.

Ami Athman, kaka yake baba, babake huyu Ahmad, alikuwa na minazi mingi na maneno mengi zaidi. Allah amsamehe, mimi bado. Alisimama pale barazani, matanga hayajaanuliwa, akasema ukoo wao ni safi tangu Shihiri ya Arabuni, na kwamba damu mbovu imeletwa na mwanamke wa Matuga. Mwanamke wa Matuga ni mama yangu, Barke, ndugu yake mama yako. Tangu Shihiri! Sijawahi kumwona hata mtu mmoja wa huko Shihiri aliyekuja kuuliza hali zetu.

Dada Mwanarusi akasimama mbele yake, kitoto kile, na kanga ya msiba kichwani. Akamwuliza, "Ami, kama damu ya mama ni mbovu, mbona mimi na Nasreen si wagonjwa?" Jibu alilopewa ni kofi. Na baba yetu, mwanamume mzima mwenye ndevu, aliyekuwa amekaa hatua mbili kutoka pale, akatazama viatu vyake. Arobaini ilipopita, mama akapewa talaka. Tukarudi naye kwao na mabunda ya nguo.

Leo wanasema "ukoo wa Athman ulimsomesha." Kefule! Dada alisomeshwa na makuti. Mama alikuwa akisuka makuti toka alfajiri mpaka vidole vinachanika, na mimi nikimkatia njiti. Mwanarusi alipofaulu kwenda Nairobi kusomea udaktari, Ami Athman alisema msichana akikaa na maiti za shule ya udaktari hatapata mume. La mume alisema kweli, hakuolewa. Lakini nikiwatazama waume waliokuwako Mtongwe wakati ule, naona Mola alimwepushia.

Mwaka wa pili wa masomo alirudi likizo. Mama alikuwa amekaa uani na kuti miguuni. Dada akapiga magoti mbele yake, wala hakumsalimu kwanza.

"Mama, Sharif alikuwa na selimundu. Chembe za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa, ndiyo maana mifupa inauma. Na mtoto hapati ugonjwa huu mpaka apewe nusu na mama na nusu na baba. Nusu moja haimdhuru mtu. Sharif alipewa zote mbili."

Mama aliendelea kusuka kidogo. Kisha akauliza, "Yaani na yeye alikuwa nayo?"

"Alikuwa nayo, mama. Sawasawa na wewe."

Mama akaliweka kuti chini. Hakulia, hakucheka. Aliingia ndani akaoga, akavaa nguo zake za Idi, akakaa kibarazani mpaka magharibi, akimwitikia kila mpita njia. Miaka kumi alikuwa hakai kibarazani.

Dada akaenda kwa baba akamweleza vilevile. Unajua baba alisema nini? Alisema, "Sawa, mwanangu, lakini kaka asijue." Basi. Hayo ndiyo yaliyomtoka. Kakake hakujua, na mama alikufa mwaka wa elfu mbili na moja akiwa bado ndiye mwanamke wa damu mbovu katika vinywa vyao.

Dada alipomaliza udaktari alifanya kazi miaka minne, halafu akapata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea magonjwa ya kurithi, hayo mambo ya jeni. Alikaa huko miaka mitano. Walimtaka abaki, maana nimeziona barua kwa macho yangu. Akarudi mwaka wa tisini na mbili, wa kwanza katika elimu ile kuja kukaa ng'ambo hizi zetu za Likoni, Kisauni na Changamwe. Alikwenda kuripoti kwa mkuu wa hospitali aliyopangiwa. Huyo bwana, mwenye tumbo la kuwekea kikombe, akamwambia, "Daktari, hapa watu wanakufa kwa kuhara, wewe unaniletea hadithi za jeni?" Akampa stoo ya vitanda vibovu. Dada akavitoa vitanda, akafagia, akaweka hadubini moja, akaanza. Aliyemsaidia alikuwa fundi wa maabara mmoja tu, Kadenge, Mgiriama wa watu asiyejua kulalamika.

Kazi yake ilikuwa kwenda nyumba kwa nyumba akiwauliza watu wamezaa wangapi, wangapi wako hai, na waliokufa walikuwa wakiumwa nini. Kila familia aliichora kwenye karatasi: mwanamume mraba, mwanamke duara, mgonjwa anatiwa wino mweusi, na aliyekufa anapigwa mstari. Ami Athman alipoisikia habari hiyo akambandika jina, Mchora Makaburi. Jina likashika. Watoto wakawa wanamwimbia njiani, na mama zao wanacheka nyuma ya mapazia.

Barke, watu wa mtaa huu wanajua nazi ya jirani imeanguka saa ngapi. Lakini dada akibisha hodi, ghafla hawajui wamezaa watoto wangapi! Mmoja aliyezika watatu alimwambia macho makavu kwamba hajawahi kufiwa. Mwingine alisema damu inapelekwa Ulaya kutengenezewa vipodozi. Na hao ndio waliokuwa mstari wa mbele juzi, wanapiga picha naye, wanamwita "daktari wetu."

Sasa nifike mahali ambapo mkono wangu ni mzito. Nimewatukana wengi katika karatasi hizi, na nimesaza mmoja.

Mwaka wa tisini na tatu nilikuwa na miaka thelathini na hakuna aliyenitaka. Akatokea Mbwana, fundi wa mitambo kwenye feri, mtu mpole. Mama yake alikuwa wa huku kwetu Mtongwe, na dada, kutokana na michoro yake, alijua kwamba katika ndugu za mama huyo wamekufa watoto wawili wenye macho manjano. Alikuja kwangu jikoni akaniambia, "Nasreen, sikukatazi. Njooni tu nyote wawili niwapime kabla ya nikahi, mjue."

Nikamwambia, "Huna mume wewe, na mimi unanifukuzia wangu?"

Nilimwambia hivyo, mdomo huu huu. Aliitikia kwa kichwa, akanioshea vyombo viwili vitatu vilivyokuwa pale, akaondoka. Hakupima mtu. Nilikwenda kwenye nikahi yangu nikiwa najiona mshindi.

Rukiya alizaliwa mwaka uliofuata. Alipofika miezi minane viganja vikavimba. Nilivitambua, Barke. Nilikuwa nimeviona nikiwa na miaka sita. Nikamfunga mtoto vitambaa, nikawaambia watu kaumwa na nyuki. Dada akija, namfunika kwa shuka, nasema kalala. Kila alipougua nilimpeleka kwenye zahanati za mbali ambako hakuna anayenijua, wananipa dawa za malaria, natoka nimeshukuru. Nilikuwa radhi mtoto awe na ugonjwa wowote, ila ule ambao dada yangu aliujua.

Alipokuwa na miaka mitatu, siku moja asubuhi aliamka tumbo limejaa upande wa kushoto na midomo myeupe. Mbwana alikwenda kumwita dada bila kuniuliza. Dada aliingia, akamfunua, akamgusa tumbo mara moja tu, akamnyanyua. Tulivuka feri naye amembeba kifuani, akimsemesha. "Rukiya, mwanangu, nifungulie macho. Nifungulie, tunafika." Bandama ilikuwa imefyonza damu yake yote. Tulifika hospitali akiwa bado ana pumzi, na damu ya kumtia ilipopatikana, pumzi hakuwa nayo tena.

Nilikuandikia kwamba ni malaria. Uliniletea mkono wa pole na barua ya kurasa nne kuhusu mbu. Hakikuwa kitu cha mbu. Na dada hakuniambia neno, siku ile wala mpaka leo. Laiti angenitukana! Alinioshea mtoto, akakaa nami siku saba, halafu akarudi kwenye stoo yake. Mbwana naye, rehema za Mungu zimshukie, alipimwa mwezi ule ule, na mimi nikapimwa. Nusu na nusu. Hatukuzaa tena.

Kwa hiyo usidhani nawadharau hawa wengine kwa kuwa mimi ni bora. Nawadharau kwa kuwa nawajua. Nilikuwa mmoja wao, na nilikuwa hodari kuwapita.

Basi niendelee. Kilichomwokoa dada na kazi yake hakikuwa ukoo safi, walikuwa watu wa bara. Mwaka wa elfu mbili na tatu huko Changamwe palikuwa na mke na mume kutoka Bungoma, Nafula na Wafula. Wafula alikuwa akiendesha malori ya makontena pale Kipevu. Mtoto wao mchanga, Florence, alipoanza kuvimba viganja, Wafula alitaka kumrudisha mkewe kwao. Nafula akamleta mtoto kwenye stoo ya dada, na mume akaja nyuma yake akifoka, funguo za lori mkononi. Nilikuwapo, maana tangu Rukiya nilikuwa nikienda Jumamosi kumwandikia dada majina katika daftari.

"Daktari, niambie tu ukweli," Wafula akasema. "Huyu mama ametoa hii kitu kwao, sindiyo? Kwetu haiko."

"Kaa," dada akamwambia. "Nipe kidole."

"Mimi si mgonjwa!"

"Sikusema u mgonjwa. Nimesema nipe kidole."

Akampa. Jibu lilipotoka dada aliwaweka wote wawili mbele ya hadubini, akamwambia Wafula achungulie damu ya mkewe, kisha achungulie yake, kisha ya mtoto. Akamweleza polepole, kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba ile nusu hutusaidia tusiuawe na malaria tukiwa wadogo, ndiyo maana imejaa pwani na imejaa kwao ziwani. Ni urithi kama urefu, si laana ya mtu. Yule mwanamume mkubwa akaziweka funguo mezani.

"Kwa hivyo ni mimi pia," akasema.

"Ni wewe pia. Sasa msaidiane."

Na wakasaidiana, wallahi! Dereva yule asiye na ukoo wa Shihiri alimaliza kwa dakika kumi jambo ambalo babangu alilishindwa maisha yake yote. Wafula aliwaleta madereva wenzake mmoja mmoja kupimwa. Nafula aliwakusanya akina mama wa Changamwe, wakawa wanakutana kwenye kanisa lao kila mwezi, wanafundishana dalili, wanakumbushana vidonge, maji mengi, na kumfunika mtoto baridi ikija. Kutoka hapo dada akapata nguvu ya kudai kwamba kila mtoto anayezaliwa apimwe tone moja la damu ya kisigino ndani ya wiki ya kwanza, asingojewe avimbe. Wakubwa wakasema haiwezekani. Akaanza mwenyewe, kituo kimoja, halafu viwili, halafu kumi na kimoja, yeye na Kadenge wakibeba kadi za damu kwenye mkoba. Katika watoto aliowapata mapema, vifo vilipungua mpaka wale wale waliosema haiwezekani wakaanza kuzisoma takwimu zake mikutanoni kama kwamba ni zao.

Ah, na nisimsahau bwana profesa mmoja wa nchi za nje, aliyekuja na miwani yake na tabasamu. Alikaa wiki sita, akazinakili daftari za miaka kumi na tano, akaenda zake. Makala ilipotoka jina la dada halikuwa miongoni mwa waandishi. Lilikuwa chini kabisa, kwenye shukrani, na limeandikwa "Bibi Mwanarosi, msaidizi." Hata kunakili jina lililoandikwa kwenye jalada la daftari kulimshinda, msomi mzima. Mimi nilitaka tumwandikie matusi. Dada alisema, "Ameziandika tarakimu sawasawa?" Nikasema sijui. Akaipekua makala yote, akakuta hesabu mbili zimekosewa, akamtumia masahihisho. Masahihisho, Barke! Tangu hapo aliandika mwenyewe, akaitwa Accra na Lisboni kusema, na vijana wanne aliowafundisha sasa ni madaktari wa fani hiyo hiyo.

Haya, sherehe. Mwezi uliopita kituo kimoja cha afya huku ng'ambo kilifungua kliniki ya watoto wa selimundu na kuipa jina lake. Mahema, vipaza sauti, mheshimiwa aliyechelewa saa mbili. Ahmad alikuja na joho la dhahabu kana kwamba ndiye anayeoa. Akashika kipaza sauti akasema, "Sisi ukoo wa Athman tulikiona kipaji hiki tangu utotoni, na marehemu baba yangu alimshika mkono." Yaguju! Mkono ulikuwa wa kofi. Watu wakapiga makofi, na miongoni mwao niliwahesabu wanne waliokuwa wakiimba Mchora Makaburi.

Mheshimiwa aliponyoosha mkasi akate utepe, dada akamwambia samahani, akamwita Florence, binti yake Nafula. Ana miaka ishirini na miwili sasa na anasomea uuguzi. Florence akakata. Nafula alipiga kigelegele, na Wafula, mvi kichwa kizima, alikuwa akilia wazi bila kujificha.

Kisha dada akapewa nafasi ya kusema. Watu wakakaa vizuri wapewe shukrani. Akasema, "Ahsanteni. Kadenge ana kadi mia tatu pale mlangoni. Tutaanza na ukoo wangu, kwa kuwa wamesema waliniunga mkono."

Barke, laiti ungekuwapo! Ukoo safi uliyeyuka. Mmoja ana sukari, mwingine kafunga sunna, mwingine gari lake limeziba njia. Ahmad alisema atakuja kliniki siku nyingine, kwa faragha. Viti viwili vya mstari wa mbele vilipinduka kwa haraka ya watu kukumbuka safari zao. Aliyesimama alikuwa Sabah peke yake. Babake alimshika buibui. Akajitoa, akaenda kwa Kadenge, akanyoosha kidole.

Jibu lilitoka baada ya siku nane, na dada alimpa mwenyewe, mlango umefungwa. Nisingelijua, maana dada hasemi siri ya mtu hata umkate. Sabah ndiye aliyekuja kwangu. Akaniambia, "Shangazi, nina ile nusu. Baba ameniambia nikifungua mdomo kabla ya harusi nitakuwa nimeuaibisha ukoo. Amenichukulia simu. Lakini mimi siolewi kwa siri."

Hiyo ndiyo sababu hapokei simu zako. Yule mwanamume aliyesimama kwenye kipaza sauti kumsifu dada yangu alimnyang'anya bintiye simu kabla ya wiki mbili kwisha, kwa jambo ambalo dada alilipigania miaka thelathini na mitatu. Kama pana neno baya kuliko dharau kwa Kiswahili, niletee nilitumie.

Nikampa Sabah simu yangu, nikatoka uani. Alizungumza na Fahmi saa nzima.

Sasa keti, mdogo wangu. Fahmi alikwenda kupimwa kesho yake, hapo hapo Maskati. Siku ile alikwambia anakwenda kutengeneza gari. Amepata jibu, nalo ni kama la Sabah. Amenituma nikwambie mimi, kwa sababu anakuogopa. Alikusikia ukisema kwamba mambo ya damu ni ya kuwatafutia watu aibu, na kwamba familia yetu haina ugonjwa. Wewe, Barke, binti wa mwanamke wa Matuga, ambaye dada yake alifukuzwa kwa neno lilo hilo! Nilitamani nikuzabe. Kisha nikakumbuka nilivyosema mimi jikoni kwangu, nikaichukua kalamu.

Usilie na usimpigie Ahmad. Hakuna aliyekufa. Kila mimba itakuwa na bahati moja kati ya nne ya kupata ugonjwa, na dada anasema siku hizi mtoto akijulikana mapema hukua, husoma, hukata utepe. Hawajaamua kuoana wala kuachana. Fahmi ameomba likizo, anakuja tarehe nane Novemba, wakae wawili mbele ya dada na kuuliza wanayotaka kuuliza. Dada amesema hatawaamulia. Amesema nikwambie wewe pia una kiti, ukitaka kuja. Njoo. Uje upimwe na wewe, tuone ile nusu mwanao kaipata kwako au kwa babake, maana sitashangaa hata kidogo.

Nisalimie shemeji, na umkumbushe dawa zake. Wape salamu watoto wote, na wajukuu uwabusu kwa niaba yangu. Dada Mwanarusi anakusalimu sana; amekwenda Kisauni na kadi zake, ingawa amestaafu. Kadenge naye anakusalimu, na Nafula ambaye hamjuani anakuombea. Sabah anasema shikamoo, mama. Ahmad hakunituma salamu, nami sikumwomba.

Mola akupe moyo mkunjufu, amfikishe Fahmi salama, na vizazi vyetu avitoe katika midomo ya watu wenye kujiita safi.

Akupendaye, na ambaye hatakuandikia uongo mwingine,

Dada yako,
Nasreen, mama Rukiya